Somo la Familia: Vidonge vya Kutuliza Hofu Hufanya Nini Mwilini?

Somo la toleo hili si kama yale mliyozoea ya ndoa, sadaka na malezi. Leo tutajifunza juu ya vidonge. Nina sababu ya kufanya hivyo, na sababu hiyo inanihusu mimi mwenyewe, mchungaji wenu.

Mama mmoja wa kwaya amenipa ruhusa nisimulie habari yake, mradi nisimtaje jina. Alipoteza mume wake njiani wakati wa kukimbia. Alipofika hapa alikuwa halali usiku. Upepo ukipiga bati la jirani, yeye alikuwa chini ya kitanda kabla hajajua amefikaje. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio hata mchana, akiwa amekaa tu anachagua maharage. Katika kituo cha afya alipewa vidonge vya diazepamu vya siku chache. Vilimsaidia, akalala. Vilipokwisha alianza kununua vingine katika maduka madogo, kwanza kimoja usiku, baadaye viwili, baadaye vitatu. Akaendelea hivyo karibu mwaka mzima.

Ndipo ukaja mkesha wetu wa maombi. Wanamaombi walimwambia kwamba mtu wa imani halali kwa kidonge. Akatoa pakiti yake, ikatupwa chooni. Mimi nilikuwepo, nikasema Amina kwa sauti.

Siku zilizofuata alitetemeka mikono, akatoka jasho usiku kucha, akasema anasikia kama wadudu wanatembea juu ya ngozi yake. Siku ya saba alianguka akaanza kutupatupa viungo, povu mdomoni. Tuliitwa. Tulisema ni mapepo. Wanaume wanne walimshika na mimi nikakemea zaidi ya nusu saa, mpaka kijana mmoja mhudumu wa afya wa kujitolea aliposukuma watu akaingia na kuniambia, "Mchungaji, huyu mama anahitaji gari, hahitaji kelele." Kule kituoni walimchoma sindano, na baada ya dakika chache mwili ukatulia. Nikauliza ile sindano ilikuwa dawa gani. Ilikuwa diazepamu, dawa ileile tuliyoitupa chooni.

Mwuguzi aliniuliza, "Aliacha vidonge lini, na kwa shauri la nani?" Nilimjibu la kwanza. La pili nililijibu baada ya siku mbili, niliporudi peke yangu. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyojifunza.

HOFU INAANZIA WAPI

Mungu alituumba na ubongo wenye chembe hai za neva zipatazo bilioni 86. Kutoka ubongoni neva zinashuka kwa uti wa mgongo na kusambaa hadi ncha za vidole. Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu mbili ndogo ziitwazo amigdala. Kila moja ni kubwa kama kokwa dogo. Kazi yake ni ulinzi. Mlio ukisikika, amigdala haingoji mpaka ufikirie kama ni bunduki au ni sufuria iliyoanguka. Inapiga yowe kwanza, uchunguzi baadaye.

Yowe hilo linafika kwenye tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio, mapafu yanafunguka, ini linatoa sukari ili miguu ipate nguvu, tumbo linaacha kusaga chakula, mboni za macho zinapanuka. Baadaye inafuata homoni nyingine, kotizoli, ambayo inauweka mwili tayari kwa muda mrefu zaidi. Wapendwa, mfumo huu ndio uliotufikisha hapa tukiwa hai. Wengi wetu tulikimbia usiku, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na hatukujua nguvu ilitoka wapi.

Shida ni pale mlinzi anapokataa kushuka zamu. Hatari imebaki ng'ambo ya mpaka, lakini amigdala bado inapiga yowe kwa kila mlango unaogongwa. Ndiyo maana mtu anasema "nina mawazo mengi" au "roho inanipiga", akipimwa presha na malaria hakuna kitu, halafu majirani wanasema anajifanya. Hajifanyi. Mwili wake unafanya kazi ya vita mahali pasipo vita.

MITUMBWI YA UBONGONI

Ili kuelewa dawa, lazima tuelewe jinsi neva zinavyoongea. Ninyi watu wa Uvira, Baraka na Fizi mtanielewa upesi, maana tumekulia kando ya ziwa Tanganyika.

Ndani ya neva moja habari inakwenda kwa umeme, mbio sana, mpaka mwisho wa neva. Lakini neva mbili kwa kawaida hazigusani. Kati yake kuna nafasi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho, kama maji kati ya pwani mbili. Umeme ukifika pwani hii, neva inaachia mitumbwi midogo ya kemikali. Mitumbwi inavuka, inatia nanga pwani ya pili katika bandari zilizoandaliwa kwa ajili yake, na hapo neva ya pili inapata habari.

Mitumbwi haibebi ujumbe wa namna moja. Mingine inasema "amka, peleka habari mbele". Mingine inasema "tulia, usipeleke". Mkubwa katika hii ya kutuliza unaitwa gaba, nao unafanya kazi karibu kila sehemu ya ubongo. Bila gaba, neva zingewashana moja baada ya nyingine kama moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Kifafa ni kitu cha namna hiyo: kundi la neva linawaka pamoja bila breki.

Gaba inatulizaje? Ikitia nanga katika bandari yake, inafungua mlango mdogo katika ukuta wa ile neva ya pili. Chembe za kloridi zinaingia ndani. Kloridi ina chaji hasi, na kadiri chaji hasi inavyozidi ndani ya neva, ndivyo inavyokuwa vigumu kuiwasha. Ni kama kumwaga maji juu ya mkaa: haujazimika kabisa, lakini kiberiti kimoja hakitoshi tena.

Sasa tunafika kwenye kidonge. Diazepamu ni ya jamii ya dawa ziitwazo benzodiazepini. Kidonge hiki hakifungui ule mlango chenyewe. Kinakaa pembeni mwa bandari ya gaba, mahali pake maalum ambapo wataalamu walipagundua mwaka 1977, na kazi yake ni kama mafuta katika bawaba. Gaba ikigonga, mlango unafunguka mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Kwa hiyo utulivu anaoupata mtu haukuletwa kutoka nje. Ni breki zilezile alizoumbwa nazo, zimetiwa nguvu. Amigdala inapunguza yowe, misuli inalegea, usingizi unakuja. Na kwa kuwa breki hizo zimo ubongoni kote, kumbukumbu nayo inafifia, miguu inakuwa mizito, na anayeendesha pikipiki anaweza kukosea kona.

Mnaona pia kwa nini ni dawa hiyohiyo wanayopewa watoto wetu wakati wa degedege. Moto ni mmoja, maji ni mamoja.

ALIYEIGUNDUA ALIKUWA MKIMBIZI

Hili limenigusa, naomba niliseme kabla sijaendelea. Dawa hizi zilitengenezwa na mkemia aitwaye Leo Sternbach, Myahudi aliyezaliwa 1908 na kusoma Krakow huko Poland. Alikuwa anafanya kazi Basel, Uswisi, wakati majeshi ya Hitler yalipokuwa yameizunguka nchi hiyo. Mwaka 1941 alivuka kwenda Marekani, naye na mke wake. Huko alitafuta dawa ya kutuliza kwa miaka, akashindwa, wakubwa wake wakamwambia aache. Mwaka 1957, walipokuwa wakisafisha maabara, ilionekana chupa moja ya unga aliokuwa ameutengeneza lakini haujapimwa. Ukapimwa. Ndio uliouzwa mwaka 1960 kwa jina la Librium, na 1963 akafuata na diazepamu, iliyojulikana duniani kama Valium.

Marekani waliipokea kama mvua. Tangu 1969 hadi 1982 ndiyo dawa iliyoandikwa na madaktari wengi kuliko zote nchini humo. Kisha watu wakaanza kuona kwamba wengi wameshindwa kuiacha. Yaliyompata mama yetu wa kwaya yalikuwa yameshawapata matajiri wa New York miaka hamsini iliyopita.

KWA NINI MTU ANASHINDWA KUACHA

Ubongo hupenda usawa. Ukiutia mafuta bawaba kila siku kwa wiki na miezi, wenyewe unaanza kukaza milango. Bandari za gaba zinapunguza usikivu, na ile mitumbwi ya "amka" inapata nguvu zaidi. Ndiyo maana kidonge kimoja kilichomlaza mtu mwezi wa kwanza hakimlazi tena mwezi wa tano, naye anaongeza cha pili.

Sasa fikiri: mtu huyu anaondoa dawa yote kwa siku moja. Mafuta hayapo tena, na milango imekazwa. Breki zake zimekuwa dhaifu kuliko siku alipoanza. Hofu inarudi kwa nguvu mara mbili, mikono inatetemeka, jasho, usingizi unakimbia, na kwa wengine inakuja degedege ambayo inaweza kuua. Diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo mabaya hayaji usiku uleule. Yanaweza kuja baada ya siku chache au hata wiki, wakati watu wameshasahau kwamba kuna pakiti ilitupwa. Tulipomshika yule mama tukasema mapepo, kumbe tulikuwa tunashika matunda ya kazi yetu wenyewe.

Njia iliyo salama ni kupunguza kidogo kidogo, chini ya macho ya mhudumu wa afya, kwa majuma au miezi. Yeye ilimchukua miezi mitano.

Jambo lingine ni pombe. Pombe nayo inasukuma milango ileile ya gaba. Ndiyo sababu baba anayeota milio ya risasi anaona lutuku au gongo linamtuliza, na ndiyo sababu akiamka hofu imezidi. Nasema hivi bila kumhukumu, lakini nasema kwa nguvu: anayekunywa pombe asiguse vidonge hivi, na anayemeza vidonge hivi asiguse pombe, wala vidonge vikali vya maumivu kama tramadoli bila daktari kujua. Viwili vikikutana vinaweza kuzima hata ile sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi. Mtu analala, haamki. Wazee nao wawe waangalifu, maana wanaamka usiku kwenda chooni, wanayumba, wanavunjika nyonga.

DAWA ZISIZO ZA NAMNA HIYO

Si kila dawa ya hofu ni diazepamu, na hapa waumini wengi wanachanganya. Ukiona ndugu anapewa fluoksetini au sertralini, hizo ni njia nyingine kabisa. Kuna mtumbwi mwingine uitwao serotonini, unaohusika na hali ya moyo, usingizi na hofu. Kwa kawaida ukishatoa habari, pwani iliyoutuma inauvuta haraka kurudi kwake. Dawa hizi zinazuia ule uvutaji, ili serotonini ikae majini muda mrefu zaidi. Ubongo unahitaji muda kuzoea hali hiyo, kwa hiyo nafuu huonekana baada ya wiki mbili hadi sita. Katika wiki ya kwanza mtu anaweza hata kuhangaika zaidi, au kusikia kichefuchefu. Wengi wetu tunaacha hapo hapo, tukisema dawa ni mbaya. Dawa hizi hazimfungi mtu kama diazepamu, ila nazo zisikatwe ghafla. Na kama katika siku hizo za mwanzo ndugu anaanza kusema heri angekufa, asiachwe peke yake, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Kuna pia propranololi. Hii haitulizi mawazo moja kwa moja. Inaziba mahali ambapo adrenalini inagonga moyoni, hivyo moyo unaacha kwenda mbio na mikono inaacha kutetemeka. Mwenye pumu asipewe, kwa sababu inaweza kubana njia za hewa. Mkienda kituoni semeni mapema kama mna pumu, msingoje kuulizwa.

MBONA WAHUDUMU WANATUNYIMA?

Nimesikia manung'uniko kwamba zamani walikuwa wanagawa diazepamu na siku hizi wanakatalia. Ni kweli, na hawafanyi kwa ubaya. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu aliyefiwa, au aliyepatwa na tukio la kutisha katika mwezi wa kwanza, asipewe benzodiazepini kwa ajili ya dalili hizo. Mwaka 2015 shirika hilo pamoja na UNHCR walitoa kitabu cha kuwaongoza wahudumu wa kambini katika magonjwa haya. Kilio cha msiba si ugonjwa. Sisi Wakongo tunajua kukaa matanga, na kulala chini pamoja na mfiwa ni msaada ambao hakuna kidonge kinachouweza.

Njia za kuzungumza pia zina matunda yaliyopimwa. Huko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikusanyika kwa vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki tano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa juu ya kuishi na mawazo mazito. Matokeo yalitangazwa 2020: miezi mitatu baadaye mzigo wao wa moyo ulikuwa mwepesi kuliko wa wale ambao hawakuwa katika vikundi hivyo.

Kuna na breki moja isiyonunuliwa. Toka shina la ubongo kuna neva ndefu inayoshuka hadi moyoni na tumboni, kazi yake kuu ni kupunguza mwendo. Ukitoa pumzi polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, neva hiyo inaamka na moyo unapunguza mbio. Vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita au nane, kwa dakika tano. Wafundisheni watoto wakati hawana hofu, ili siku ya hofu wawe wameshazoea. Mimi hufanya hivyo nikiwa kitandani, na mke wangu anajua kwamba siku hiyo nimeota.

JE, NI KUKOSA IMANI?

Swali hili ndilo lililompeleka mama yetu kwenye shimo la choo, kwa hiyo siwezi kulikwepa. Someni 2 Wafalme 20. Hezekia alikuwa ameshaahidiwa na Bwana kwamba atapona na ataongezewa miaka kumi na mitano. Ahadi imetoka. Ndipo nabii Isaya akaagiza waandae mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mtu mwenye ahadi ya Mungu mkononi aliwekewa dawa, na aliyeiagiza ni nabii.

Someni na 1 Wafalme 19. Eliya alikimbia kwa hofu ya Yezebeli mpaka jangwani, akaomba kufa. Mimi chuoni nilifundishwa kuhubiri ile sauti ndogo ya utulivu, na nimeihubiri mara nyingi. Lakini kabla ya sauti hiyo Eliya alilala, akaamshwa akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Malaika hakumkemea kwa uchovu wake. Nilikuwa nimesoma sura hiyo labda mara mia bila kuona mkate na usingizi.

Nilimwomba yule mama msamaha mbele ya wazee wa kanisa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mchungaji, na mimi nilisema Amina." Sasa hivi hamezi diazepamu. Kuna usiku analala, kuna usiku halali, na usiku asiolala anampigia hodi jirani yake wa kwaya, wanachemsha chai. Wazee wamekubaliana kwamba katika mikesha yetu hakuna mtu atakayeambiwa tena aache dawa, na anayeshuhudia kwamba amepona ataombwa aende kwanza kituoni na pakiti yake mkononi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

Je, katika nyumba yetu kuna mtu anayemeza vidonge vya usingizi alivyonunua dukani? Amevimeza kwa muda gani, na nani katika wahudumu wa afya anajua?

Jirani akianguka na kutupatupa viungo, nani atakimbia kutafuta gari, na nani atabaki kumgeuza ubavu na kuondoa vitu vigumu karibu naye? Pangeni majina sasa.

Watoto wanajua kwa nini baba au mama anashtuka bati likilia? Mmewahi kuwaeleza?